Swali la Sita

Haya, sogeeni karibu, nawategea. Yupo mtu mmoja: anakuuliza jambo analolijua, ukimwambia kweli anakunja uso, ukimdanganya anaandika. Ni nani huyo? Wewe unasema mwalimu. Siye. Wewe unasema askari. Umekaribia, lakini bado. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mji nimepewa, nimefika, nimeoga, nimepumzika, na jina lake nakaa nalo mwenyewe. Mtu huyo ni msaili, yule anayekaa nyuma ya meza siku unayokwenda kuomba kazi. Na mwanamke ninayetaka kuwasimulia alisailiwa kwa kazi ambayo alikuwa akiifanya tayari kwa miaka kumi na moja.

Alikuwa dobi wa hospitali. Kila asubuhi mashuka ya wadi yalishushwa kwa mkokoteni, naye akiyapokea na wenzake watatu: kuchambua, kuloweka, kufua, kukausha, kupiga pasi, kukunja. Miaka kumi na moja alikuwa kibarua. Vibarua hawaugui, hawana likizo, na wakifiwa wanafiwa siku ya Jumapili. Basi siku moja likabandikwa tangazo mlangoni: vibarua wote mwisho wao ni tarehe thelathini, nafasi ya kudumu ni moja, anayeitaka aombe na asailiwe kama watu wengine.

"Nisailiwe nini?" Dobi alimwuliza msimamizi wake. "Si unaniona kila siku?"

"Utaratibu, mama," alisema msimamizi.

Huyo msimamizi aliitwa Kalamu Mbili, kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Hakuna aliyewahi kumwona ameshika shuka. Kazi yake ilikuwa kuandika kwamba mashuka yamefuliwa.

*

Nyumbani kwa Dobi waliishi watu wanne. Yeye, mumewe fundi viatu, ambaye wateja walikuwa wamemkimbia tangu vije viatu vya plastiki vya kuvaa na kutupa, binti yao wa kidato cha pili, na mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa wiki mbili akakaa miaka mitatu.

Huyu mdogo mtu mtaa mzima ulimwita Bwana Usaili. Alikuwa na tai moja, faili moja la plastiki lililojaa vyeti, na usaili kumi na mbili alizozihudhuria bila kuajiriwa hata mara moja. Mwingine angeona haya. Yeye aliona ni ujuzi. Alizungumzia usaili jinsi wazee wanavyozungumzia vita walivyopigana, na ukimsikiliza ungedhani alishinda vyote.

Kwa hiyo Dobi alipoleta habari za tangazo, Bwana Usaili alisugua viganja. "Shemeji, umefika kwa mwenyewe. Kaa hapo. Mgongo wima. Binti, zima redio."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Fundi alikuwa pembeni, kiatu katikati ya magoti, uzi mdomoni.

"Swali la kwanza," alisema Bwana Usaili kwa sauti nzito isiyokuwa yake. "Udhaifu wako ni nini?"

"Kiuno," alisema Dobi. "Tangu mashine ya pili ife, mashuka tunakamua kwa mkono."

Binti akacheka. Bwana Usaili akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Sio kiuno, shemeji! Udhaifu wa tabia. Unajibu hivi: udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi, mpaka najisahau."

"Huo ni udhaifu au ni ugonjwa?" aliuliza fundi na uzi wake mdomoni.

"Kaka, mambo haya yana lugha yake."

"Na lugha unayo, mdogo wangu. Lugha unayo sana. Kazi ndiyo hatujaiona."

"Tuendelee," alisema Bwana Usaili. "Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

"Palepale. Nafua."

"Hapana! Unajiona katika uongozi."

"Uongozi wa nani, wa mashuka?"

"Wewe sema uongozi. Wakikuuliza la mtego, usiangalie ukweli uko wapi. Angalia wao wanataka kusikia nini, uwape hicho hicho." Kisha akafungua daftari. "Sasa nieleze kazi yenyewe, ili nijue jinsi ya kukupangia majibu. Mashuka mnayatenganishaje? Sabuni mnapimaje? Maji yanatakiwa moto kiasi gani?"

Dobi akamweleza. Alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuombwa na mtu aeleze kazi yake, na alieleza kwa raha, mikono ikienda hewani, akikunja shuka lisilokuwapo. Bwana Usaili aliandika kurasa nne. Binti aliona ajabu, kwa sababu baba mdogo huyu akitumwa dukani alikuwa anasahau vitu viwili kati ya vitatu.

"Shemeji yangu ana moyo," Dobi alimwambia mumewe baadaye.

Fundi alipiga msumari. "Ana tumbo pia. Tutaona kipi kimetangulia."

*

Siku ya usaili Dobi alivaa gauni lake la kanisani, akalipiga pasi mara mbili. Alipewa karatasi yenye namba tisa. Wenzake walikuwa saba, nane na kumi. Waliobaki kwenye benchi walikuwa watu wageni, wasafi, wenye mafaili mapajani. Wengine waliambiwa waje mchana.

Chumbani kulikuwa na meza ndefu, watu watatu nyuma yake, na chupa tatu za maji. Kiti cha msailiwa kilikuwa kifupi kuliko vya wasaili, hata ukikaa unajikuta unawatazama juu kama mtoto aliyeitwa kuchapwa. Katikati alikaa Afisa Utumishi, mama mwenye miwani ya mnyororo. Kulia kwake mjumbe kutoka makao makuu, aliyekuwa na simu na hakuwa na haja ya kitu kingine. Kushoto, Kalamu Mbili.

"Jina lako?" aliuliza Kalamu Mbili.

Miaka kumi na moja mtu huyu alikuwa amempa salamu kila asubuhi. Dobi alimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika kalamu nyeusi, anasubiri. Akataja jina lake, naye akaliandika, akamwuliza linaandikwaje.

Wakauliza la pili: kwa nini unaitaka kazi hii? Akasema ana mtoto shuleni, na kazi anaijua. Afisa akaandika neno moja. La tatu: udhaifu wako? Dobi alijaribu kusema anapenda kazi kupita kiasi, lakini maneno yakamkwama kama mfupa, akajikuta amesema kiuno. La nne, mashuka yenye hatari utayatambuaje?

"Kwa fundo," alisema Dobi, na hapo akachangamka. "Wafagiaji wa wadi ya kutengwa wanafunga ncha ya shuka fundo moja. Ukiona fundo moja, hilo lina ugonjwa, linakwenda peke yake, linachemshwa. Mafundo mawili, ndani kuna sindano au kioo, usitie mkono. Tunafanya hivyo siku zote."

"Hilo limeandikwa wapi?" aliuliza Afisa.

"Halijaandikwa, mama. Tunafunga tu."

"Jibu lililo hapa kwangu," alisema Afisa, akionyesha karatasi yake kwa kalamu, "ni 'kwa kufuata mwongozo'." Akaweka alama ya mkasi, ya kukosa. Fundo lililokuwa limelinda mikono ya watu miaka kumi na moja likafa pale juu ya meza, na aliyeliua hakujua hata ameua nini.

La tano lilitoka kwa mjumbe, ambaye alinyanyua macho kwenye simu kwa mara ya kwanza. "Kama ungekuwa chombo cha nyumbani, ungekuwa chombo gani?"

Dobi alidhani hakusikia vizuri. Wakarudia.

"Beseni," alisema.

Mjumbe akacheka peke yake, akarudi kwenye simu. Mtu amesoma mpaka akapewa gari na dereva, na siku nzima anauliza wanawake wazima kama wao ni masufuria.

"Swali la sita," alisema Afisa. "Je, umewahi kutofautiana na mkubwa wako wa kazi? Ulifanyaje?"

Dobi akamwangalia Kalamu Mbili. Kalamu Mbili akaangalia dirisha.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua, tangi la maji ya moto lilikufa. Kalamu Mbili hakutaka kupeleka taarifa juu, kwa sababu wiki ile palikuwa na ukaguzi na tangi alilisaini mwenyewe kwamba ni zima. Akaamuru mashuka yote yafuliwe kwa maji baridi, hata ya wadi ya kutengwa, yakunjwe, yapande wadini. Dobi akamwambia haiwezekani. Akaambiwa kibarua hana haiwezekani. Basi mashuka yenye fundo akayaficha nyuma ya mashine iliyokufa, na kila jioni akayachemsha kwenye pipa nyuma ya jiko la hospitali. Kuni zilikuwa zimeloa, kwa hiyo mumewe alipasua meza yake ya zamani ya kushonea viatu, akaibeba vipande vipande mpaka kule. Siku tisa walifanya hivyo. Kitabuni kila siku kukaandikwa kwa wino mweusi kwamba maji yalikuwa ya moto kama inavyotakiwa, na ukaguzi ulipopita Kalamu Mbili alipewa barua ya pongezi. Aliitia fremu.

Kwa hiyo mwanamke huyu angesema nini? Akisema ndiyo, anamvua nguo mkubwa wake mbele ya watu. Akisema sijawahi, anakuwa mwongo kama yeye. Dobi alifungua mdomo, akaufunga. Feni ilizunguka. Mjumbe alitabasamia simu.

"Tutalirudia," alisema Afisa, akaacha nafasi ile wazi.

Hawakulirudia.

*

Majibu yalibandikwa Ijumaa. Namba kumi na nne: ameajiriwa. Namba tisa: akiba ya kwanza. Saba, nane na kumi hawakuandikwa kokote.

"Kumi na nne ni nani?" waliulizana wanawake wa kufulia. Hakuna aliyemjua.

Kalamu Mbili alimwita Dobi pembeni, akashusha sauti kama mtu anayetoa sadaka. "Usivunjike moyo, mama. Akiba ya kwanza si haba. Wadi mpya inafunguliwa mwezi ujao, watataka dobi wa pili, na neno litakuwa langu. Huyu mtu anaanza Jumatatu. Zimebaki wiki mbili za vibarua. Mfundishe vizuri, nami nitakukumbuka."

"Namba kumi na nne hajui kazi?"

"Anajua sana. Majibu yake yalikuwa mazuri ajabu. Ila hajawahi kuifanya."

Dobi alikwenda nyumbani, akavua viatu, akatafuta cha kufua. Kwenye beseni palikuwa na shati jeupe la shemeji yake. Dobi yeyote hupekua mifuko kabla ya kuloweka. Ametoa mle kalamu, dawa, meno ya bandia, picha za wapenzi. Akatia vidole mfukoni. Akatoa karatasi ndogo, iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua.

Ilikuwa na namba kumi na nne.

Hakupiga kelele. Aliingia sebuleni na ile karatasi, akaiweka juu ya meza, mbele ya Bwana Usaili aliyekuwa anakula. Fundi akaisoma. Binti akaisoma.

"Baba mdogo," alisema binti, "wewe pia uliitwa?"

Bwana Usaili alimeza kwanza. Hakuwa mtu wa kuacha chakula kwa ajili ya aibu. "Nilikuwa nataka kuwapa habari kwa utaratibu. Shemeji, usione kama nimekunyang'anya. Mimi naiona kama fursa ya familia. Kazi imebaki ndani ya nyumba."

"Ulikuwa unamfundisha," alisema fundi taratibu, "au ulikuwa unamchota?"

"Kaka, ushindani ni kitu cha kawaida. Tumesailiwa wote, mwenye majibu bora akachukuliwa. Nilipoulizwa chombo, nilisema mimi ni jiko, kwa sababu nawapa wengine joto. Mjumbe alinipa mkono!"

"Jiko," alisema fundi. Alirudia kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Miaka mitatu humu ndani hujawahi kuwasha hata kiberiti. Hilo shati ulilokwenda nalo kafua nani? Kapiga pasi nani?"

"Nashukuru kwa mchango wake."

Fundi akainuka, nyundo bado mkononi, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba kaka mtu atafanya jambo la kaka mtu. Dobi akamshika mkono.

"Muache ale," alisema. "Jumatatu atahitaji nguvu."

Baadaye, wakiwa wawili, mume alimwambia, "Usimfundishe. Aingie mikono mitupu, aaibike."

"Mikono mitupu ndiyo itakayochomwa sindano, baba watoto. Nikinyamaza akachomwa, nitalala vipi? Halafu Kalamu Mbili kasema neno ni lake. Mtoto ana ada. Nina nafasi moja tu, na iko mfukoni kwa yule mtu."

Fundi alichukua kiatu, akakiangalia, akakirudisha chini.

*

Jumatatu Bwana Usaili alikuja kazini na tai. Wanawake wa kufulia walikaa kimya kwa heshima, jinsi watu wanavyokaa kimya kumwona ng'ombe kaingia dukani.

"Mkubwa," mmoja alimwambia, "hiyo tai ikinasa kwenye mashine tutakukausha nayo."

Akaivua. Mkokoteni ukashuka kutoka wadini. Bwana Usaili, kwa kutaka aonekane na shemeji yake kwamba ni mtu wa kazi, akalivamia lundo kwa mikono miwili. Dobi alimpiga kofi mkononi, pa!

"Unaona nini kwenye ncha ya hilo shuka?"

"Fundo."

"Mangapi?"

"Mawili. Uliniambia yana nini vile? Nilisema kwenye usaili nitafuata mwongozo."

Dobi alichukua koleo, akalifungua shuka taratibu juu ya sakafu. Sindano tatu zikadondoka, moja ikiwa na damu ndani. Bwana Usaili aliangalia sindano, akaangalia viganja vyake, akaketi juu ya ndoo.

"Huu ndio mwongozo," alisema Dobi. "Inuka. Yako mengine arobaini."

Alimfundisha mpaka saa sita. Hakumtukana. Wenzake ndio walimtukana, na kwa ustadi. Baadaye mchana ule, mlango ukafunguliwa, akaingia Afisa Utumishi, faili kifuani, akikanyaga kwa ncha za viatu ili asilowe. Nyuma yake Kalamu Mbili.

"Mama," alisema Afisa, "kuna kitu kidogo. Faili za usaili zinakwenda kwa mkaguzi leo, na yako ina nafasi wazi. Swali la sita. Mkaguzi hapendi nafasi wazi, anazirudisha zote."

"Majibu si yameshatoka?"

"Yameshatoka. Hili halibadilishi kitu. Sema chochote tu nijaze, alama sitaweka."

Kumbe hivyo. Alipokuwa anahitaji kazi hawakuwa na muda wa kusubiri jibu lake. Sasa karatasi ndiyo ilikuwa inahitaji, na kwa ajili ya karatasi mama huyu alikuwa amekubali kulowesha viatu.

"Andika hajawahi," alisema Kalamu Mbili haraka. "Ni mtu mtulivu, hana maneno. Ndiyo maana nasema wadi mpya ikifunguliwa, yeye ni wa kwanza." Akamwangalia Dobi, akatabasamu, akagusa kalamu zake mfukoni. "Au sivyo, mama?"

Mashine ya kwanza ilimaliza mzunguko wake ikanyamaza. Wanawake waliacha kukamua. Bwana Usaili, aliyekuwa amerudi kuketi kwenye ndoo yake, alimtolea shemeji yake macho, akamwonyesha kwa midomo, bila sauti: sijawahi. Sema sijawahi.

Afisa alikuwa ameshaweka kalamu juu ya ile nafasi. "Haya," alisema bila kunyanyua uso. "Umewahi kutofautiana na mkubwa wako wa kazi? Ulifanyaje?"

Dobi alikamua shuka alilokuwa nalo mpaka tone la mwisho, akalitundika, akafuta mikono kwenye kanga.

"Ndiyo," alisema. "Andika, mama. Siku tisa. Yeye aliandika maji ya moto, mimi nikayachemsha."